Teke ni la kweli, mbona mtazamaji anachoka?

Swali la msomaji: "Sisi ni vijana wanane wa klabu moja ya taekwondo na kung fu. Tunatengeneza sinema fupi ya dakika 15, na dakika 9 kati ya hizo ni mapigano. Hatutumii waya za kuwainua watu hewani wala kompyuta, na hakuna anayechezewa sehemu ngumu na mtu mwingine. Kila teke ni letu. Mmoja wetu anapiga teke la kuruka na kuzunguka nyuzi 540, safi kabisa. Tulipowaonyesha watu kipande cha kwanza walishangilia dakika mbili, kisha wakaanza kushika simu zao. Je, sinema ya mapigano inahitaji kitu zaidi ya stanti za kweli (vitendo vya hatari na ustadi) zinazovutia, au hao watu hawajui mapigano tu? Na hilo teke la 540 tulirudie kwa mwendo wa polepole?"

Inahitaji zaidi, na hao walioshika simu hawakukosea. Stanti ya kweli hujibu swali moja tu: huyu mtu anaweza? Kwa vijana wenye mazoezi kama nyinyi, mtazamaji hupata jibu mapema sana. Akishaamini kwamba mnaweza, teke la kumi linamthibitishia kile alichokubali tangu teke la pili, na ugumu wake wa ziada anauona yule tu anayefanya mazoezi hayo mwenyewe. Kwa asiyecheza taekwondo, nyuzi 360 na nyuzi 540 ni kitu kimoja: kijana kazunguka hewani, kapiga. Kinachomweka mtu kwenye kiti ni swali jingine, nalo linapaswa kuja na sura mpya kila baada ya muda mfupi: sasa atatokaje hapa?

Pengine mmeshaambiwa "ongezeni hadithi". Kuweni waangalifu na ushauri huo. Wengi wakiusikia huongeza maneno: baba kauawa, mwana kaapa kulipa kisasi, dakika nne za mazungumzo, halafu mapigano yanaanza yaleyale kama yalivyokuwa. Hadithi iliyobaki nje ya pigano hailisaidii pigano. Sinema nzuri ya aina hii husukuma hadithi yake kwa ngumi na mateke yenyewe. Kwa hiyo kipimo changu ni hiki: ukilikata pigano lote na kuacha maneno tu, je, mtu atashindwa kuelewa jambo lolote kuhusu mhusika? Kama hatashindwa, pigano hilo lilikuwa maonyesho ya klabu.

Tazama pambano la Bruce Lee na Chuck Norris ndani ya Colosseum ya Roma, kwenye The Way of the Dragon ya mwaka 1972. Wote wawili walikuwa wanamichezo wa kweli, lakini ukitafuta stanti humo hutaipata; hakuna aliyejirusha kutoka ghorofani, hakuna kioo kilichopasuka. Linaanza kwa utulivu, kila mmoja akinyoosha viungo, paka mdogo akiwatazama. Kisha Lee anapigwa. Anapigana akiwa amekaza mwili, na Norris, mkubwa na mwenye mikono mirefu, anampata kirahisi na kumwangusha. Lee anainuka, na hapo ndipo pambano linapogeuka: miguu yake inaanza kucheza, mabega yanalegea, hasimami tena mahali pamoja, na mpinzani anaanza kupiga hewa. Mwishoni Norris amevunjika mkono na mguu. Lee anamtikisia kichwa, kumwambia yatosha. Norris hakubali. Lee anamuua, kisha anamfunika kwa koti na mkanda wake wa karate. Katika dakika hizo chache mtu ameshindwa, amejifunza, amegeuza mambo, ametoa nafasi ya rehema ikakataliwa, na ameomboleza, na yote hayo tumeyaona kwenye miili yao. Mtu ambaye hajawahi kukunja ngumi maishani anafuata kila hatua.

Mwongozaji Lau Kar-leung alifanya jambo hilohilo kwa njia nyingine kwenye The 36th Chamber of Shaolin ya 1978, ambamo sehemu kubwa ya sinema ni mazoezi. Mwigizaji Gordon Liu anabeba ndoo za maji mikono ikiwa imenyooshwa pembeni, na kwenye mikono amefungiwa visu: akiishusha, vinamchoma mbavuni. Angalia jinsi visu vile vinavyofanya kazi. Sheria ya zoezi, gharama ya kushindwa na dalili ya maendeleo, vyote vimewekwa kwenye kitu kimoja kinachoonekana, na hakuna aliyehitaji kutueleza. Baadaye anashindwa na mwalimu anayetumia panga fupi mbili, anarudi, anashindwa tena, mpaka anabuni silaha yake ya vipande vitatu vilivyoungwa. Tunapoiona silaha hiyo ikifanya kazi tunafurahi kwa sababu tulikuwepo alipokuwa akishindwa bila hiyo.

Mtu atasema: mbona The Raid ya 2011 ina hadithi nyembamba na inasisimua mwanzo hadi mwisho? Ni kweli, polisi wameingia kwenye jengo la wahalifu Jakarta, wamezingirwa, wanatafuta kupona; hadithi yenyewe ndiyo hiyo. Lakini kila pigano humo lina mahali na lina haja: korido hii, mlango ule, mwenzetu aliyejeruhiwa hawezi kutembea. Na dakika inayobana roho kuliko zote haina teke hata moja. Stelingi, Iko Uwais, amejificha nyuma ya ukuta mwembamba, mhalifu anauchoma ukuta huo kwa panga akitafuta watu, ncha inampasua shavu. Panga linapovutwa, anaifuta damu yake kwenye bapa la panga ili lisitoke na alama. Hiyo ni akili ya mtu aliye hatarini, na baada ya kuiona, kila ngumi anayopiga Uwais ni ngumi ya mtu tunayemjali.

Upande wa pili, ustadi wa kweli wa mapigano si sharti. Crouching Tiger, Hidden Dragon ya mwaka 2000 ilichezwa kwa waya waziwazi, chini ya mpangaji wa mapigano Yuen Woo-ping. Chow Yun-fat hakutoka kwenye kung fu, na Michelle Yeoh na Zhang Ziyi wote wawili walisomea dansi. Hata hivyo pambano la wanawake hao wawili ukumbini ni somo kamili. Mmoja ana upanga unaokata kila kitu. Mwingine ana uzoefu. Yeoh anachukua silaha, inakatwa, anachukua nyingine, inakatwa, na kila silaha ni jaribio jipya lenye tatizo jipya. Inafika mpaka silaha nzito inayomshinda hata kuinua. Tunamwona mdogo akijivunia upanga usio wake, na mkubwa akimshinda kwa ujuzi huku upanga ukimnyima ushindi.

Basi ukweli una thamani gani? Kubwa tu, ukitumiwa mahali pake. Mwili wa kweli unaogonga sakafu ya kweli una uzito ambao waya huuiba: mabega yanatangulia, nguo inachelewa, pumzi inatoka, mtu anakaa chini sekunde moja zaidi ya alivyopanga. Mtazamaji hajui kuyataja mambo hayo lakini anayahisi. Jackie Chan alilielewa hilo vizuri. Kwenye Police Story ya 1985 anateleza kwenye nguzo ndani ya jengo la maduka, kutoka juu hadi chini, katikati ya taa zinazowaka, na aliungua mikono kwelikweli. Lakini tazama kilichotangulia. Mkoba wenye ushahidi uko chini, yeye yuko juu, ngazi ni mbali, na sinema nzima tumemwona akidhalilishwa kwa kukosa ushahidi huo. Nguzo ile ndiyo njia fupi. Kama angeteleza dakika ya kumi, bila mkoba, tungesema "duh, huyu jasiri" na kusahau. Chan aliionyesha mara tatu kutoka pembe tofauti na ikakubalika, kwa kuwa ni tukio moja, mwishoni, ambalo sinema yote imelijenga.

Ong-Bak ya 2003 ilirudia vivyo hivyo, mara nyingi zaidi, na humo ndani ya mbio za uchochoroni. Ilikuwa na sababu: ilitaka ulimwengu uone kwamba stelingi wake, Tony Jaa, anaruka bila waya. Tony Jaa alistahili kuonekana, sina ubishi. Ila kila marudio yanasimamisha mbio. Tulikuwa tunauliza kama atakamatwa. Ghafla tunaombwa kumpigia makofi mwanamichezo. Ukifanya hivyo mara tano, swali la kwanza linakufa.

Tuje kwenye kazi yenu. Dakika tisa za mapigano kati ya kumi na tano ni nyingi mno kwa mikono isiyozoea kuhariri. Lengeni chini ya tano: pigano la kwanza sekunde 50, la pili dakika moja na nusu, la mwisho dakika mbili na nusu. Kabla ya kupanga teke lolote, andikeni mistari minne kwa kila pigano. Kila upande unataka nini, kwa maana ya kitu kinachoshikika: ufunguo, mlango, mtoto, simu. Nini kinazuia. Nini kinageuka katikati, angalau mara mbili. Na mhusika anatoka na nini, au amepoteza nini. Mstari wa nne ukisomeka "ameshinda" tu, pigano hilo bado halijaandikwa.

Kwa sinema yenu ningeweka teke la 540 kwenye pigano la pili, na ningelifanya lishindwe. Nyinyi mnaujua udhaifu wake kuliko mimi: linachukua muda, mgongo unageukia adui katikati ya mzunguko, na mpigaji akishaondoka ardhini hawezi kubadili njia. Mpinzani mwenye akili hasogei nyuma, anasogea mbele, anaingia ndani ya mzunguko na kumsukuma kiunoni. Stelingi wenu anaanguka vibaya. Sasa mtazamaji asiyejua taekwondo amejifunza kitu cha kweli kuhusu teke hilo, na pia kuhusu kijana huyo: anapenda kujionyesha. Kwenye pigano la mwisho atapata nafasi ya kulipiga tena, ataanza kugeuza bega, ataacha, atapiga teke fupi la chini. Kisha baadaye kidogo, mpinzani akiwa amenasa mkono mlangoni na hawezi kuingia ndani ya mzunguko, ndipo 540 inakuja. Mara moja tu. Watu watashangilia zaidi ya mlivyowahi kusikia, na teke ni lilelile.

Hilo la mkono kunasa si pambo. Kosa linaloua mateke makubwa ni adui anayesimama akisubiri kupigwa. Kila pigo lenye maandalizi marefu lazima liwe na sababu ya aliye mbele kubaki pale: amepigwa akapepesuka, ameshikwa, anatazama upande mwingine, nyuma yake kuna ukuta. Ndugu wa kosa hilo ni kundi linalosubiri zamu, watano wakirukaruka pembeni huku mmoja anapigwa. Nyinyi ni wanane, kwa hiyo litawapata. Tafuteni mahali pembamba ambapo wawili tu wanaweza kufika kwa wakati mmoja, au mpeni kila mtu kazi: huyu anainuka, huyu anamvuta aliyeanguka, huyu kazuiwa na meza iliyopinduka, huyu anazunguka kwenda mlango wa nyuma. Andikeni kwenye karatasi kila mmoja yuko wapi katika kila kifungu cha pigano. Ni kazi ya kuchosha na ndiyo inayotenganisha vurugu na pigano.

Nimetaja kifungu kwa makusudi. Pangeni mapigano kwa vifungu vya mapigo matatu hadi saba, kisha kituo. Jackie Chan, Sammo Hung na Yuen Biao walilelewa kwenye shule moja ya opera ya Kichina huko Hong Kong, chini ya mwalimu Yu Jim-yuen, na sinema za Hong Kong zilibeba mdundo wa jukwaa lile: mfululizo wa kasi, kusimama ghafla, mfululizo tena. Kituo kinaweza kuwa nusu sekunde. Ndani yake mtazamaji anahesabu kilichotokea, na mpiganaji anafikiri. Wanamichezo hukichukia kituo kwa sababu mashindanoni kusimama ni kupoteza alama. Kwenye sinema, pigano lisilo na kituo ni sauti moja ndefu. Nina hakika kubwa kwamba kipande chenu kimejaa mateke arobaini mfululizo. Katikateni, na katika kila kituo mwamue nani sasa ana nafasi nzuri kuliko mwenzake.

Kuhusu kamera, kuna jambo linalowashangaza wengi wanaotoka ulingoni: pigo la kweli likipigwa picha vibaya linaonekana la uongo, na la uongo likipigwa picha vizuri linaonekana la kweli. Shika mfano wa ngumi ya kuzungusha kichwani. Kichwani hamgusani, hilo halina mjadala; acheni sentimita 20 hadi 30 kati ya ngumi na uso. Kamera ikikaa ubavuni mwao, pengo hilo linaonekana kama mlango ulioachwa wazi. Ihamishe nyuma ya bega la mpigaji, au nyuma ya kichwa cha mpokeaji, na pengo linatoweka, maana sasa limelala kwenye kina cha picha na jicho halina pa kulipimia. Ngumi lazima ikate mbele ya uso kutoka upande hadi upande na kupitiliza. Ikisimama njiani, imekwisha. Ngumi ya moja kwa moja haikati uso, ndiyo maana ni ngumu kuidanganyia, basi itumieni kidogo. Tumieni lenzi ya kuvuta, milimita 85 au hapo karibu kwenye kamera kubwa, au ile ya mara mbili au tatu kwenye simu, huku mkisimama mbali: inabana umbali kati ya watu.

Mwenye kazi kubwa hapo ni mpokeaji, na kwenye klabu nyingi mpokeaji anapewa aliye dhaifu. Fanyeni kinyume. Anayepokea ndiye anayeliuza pigo. Kichwa kigeuke ngumi inapopita mbele ya pua, kwa uelekeo uleule wa ngumi, kidevu kikitangulia, kisha bega, kisha nyonga, na miguu mwisho. Akiwahi, ni kichekesho. Akichelewa fremu nne tu (fremu ni picha moja moja zinazounda video), kwa mwendo wa fremu 24 kwa sekunde, huo ni sehemu moja ya sita ya sekunde, na kila mtu ukumbini atajua haikumpata. Mateke ya kifuani na tumboni mnaweza kugusana kweli mkivaa pedi nyembamba chini ya nguo; mguu ufike ukiwa bapa kwanza ndipo usukume, usichape. Mpokeaji atoe pumzi unapofika.

Fanyeni mazoezi ya kila kifungu polepole sana kwanza, kisha kwa nusu ya kasi, kisha asilimia 80, na mpigie picha hapohapo kwenye 80 au 90. Kwenye kasi kamili mikono inakuwa ukungu, mpokeaji anabahatisha, na ajali nyingi hutokea. Mkitaka kasi zaidi, ipatikane baadaye. Wapigapicha wa Hong Kong walikuwa wakirekodi fremu 22 na kuzionyesha kwa 24, ongezeko la asilimia 9 hivi. Nyinyi mnaweza kuharakisha kwenye kuhariri kwa asilimia 5 hadi 10. Zaidi ya hapo nywele, vumbi na mikunjo ya nguo vitawafichua kabla ya mateke. Kwa picha kali zaidi, kama mnarekodi fremu 25, pelekeni shata, yaani muda ambao kila fremu hupokea mwanga, kutoka 1/50 hadi 1/100 ya sekunde. Mguu utaonekana na makali yake.

Kwenye kuhariri, msikate kati ya kuanza kwa pigo na kufika kwake, hasa nyinyi ambao mapigo yenu ni ya kweli. Mmefanya mazoezi miaka mingi halafu mkato unaficha kile kile mlichofanyia kazi. Mtazamaji anadhani mmemdanganya. Kateni kabla mguu haujaondoka, au mara baada ya kufika. Pale mnapolazimika kubadili pembe katikati ya mwendo, rudini nyuma fremu mbili au tatu kwenye shoti mpya (kipande kilichorekodiwa bila kukatwa), ili kipande kidogo sana cha mwendo kirudiwe. Ukiangalia fremu moja moja ni kosa. Ukiangalia kwa mwendo wake ni laini, kwa kuwa jicho hupoteza muda mfupi likitafuta pa kutazama kila picha inapobadilika. Na kamera ibaki upande mmoja wa wapiganaji. Aliyekuwa kushoto akionekana kulia bila kumwona akihama, mtazamaji anaacha pigano na kuanza kutafuta watu.

Halafu maumivu. Ukinionyesha dakika moja ya pigano bila sauti, cha kwanza nitakachotafuta ni mtu aliyeumia. Stelingi akipiga taya la mtu kwa ngumi, mkono wake nao unauma. Akiukunjua na kuutikisa, tunaamini taya na mkono pia. Tengenezeni orodha ya majeraha: pigano la pili ameumia goti la kulia, basi la mwisho anaanza na mguu wa kushoto, anakwepa kuruka, anapanda ngazi akishika ukuta. Hapo 540 ya mwisho inakuwa ghali, maana tunajua atatua kwa mguu gani. Uchovu nao ni zawadi ambayo mwili wa kweli unawapa bure. Kwenye Tom-Yum-Goong ya 2005 kuna shoti moja ya takriban dakika nne isiyokatwa, Jaa akipanda ghorofa kwa ghorofa huku akipigana, na kadiri anavyopanda ndivyo anavyoonekana kuchoka. Uchovu ule ni wa kweli na unafanya kazi ambayo mateke hayawezi. Kwa hiyo ratiba yenu iwe hivi: 540 na maruko yote asubuhi, miili ikishapata moto lakini haijachoka, majaribio matatu au manne kisha pumziko; shoti za mwisho wa pigano, za kuhema na kuyumba, jioni, wakati hamhitaji kuigiza. Anguko lolote la kutoka juu kuliko kimo cha kiuno lifanyike kwenye godoro nene la kuangukia, na mmoja wenu asiye kwenye picha awe na kauli ya kusimamisha kazi bila kuulizwa sababu.

Sauti nitaipitia haraka. Pigo likiwa na sauti moja ileile kila mara, sikio linachoka mapema kuliko jicho. Mwili hutoa sauti nzito na butu, mfupa fupi na kavu, na lililokosa hutoa upepo tu. Rekodini wenyewe: koti la ngozi likipigwa kofi, mto, nguo ikipepetwa. Rekodini pia pumzi za kila mpiganaji, peke yake, baada ya kumaliza. Muziki uzimeni pale pigano linapogeuka.

Kabla ya kuwaita watazamaji tena, tafuteni watu watatu wasiocheza mapigano kabisa. Waonyesheni pigano moja bila sauti na bila maelezo, kisha muwaulize: huyu alikuwa anataka nini, wakati gani uliogopa, na nani alibadilika. Msiulize kama wamelipenda, watasema ndiyo. Wakishindwa swali la kwanza, rudini kwenye ile mistari minne. Wakishindwa la pili, tatizo liko kwa wapokeaji na kwenye majeraha. Wakishindwa la tatu, hamna mgeuko, hata kama mnadhani mnao.

Na teke la 540: hapana, msilirudie, na msilipunguze mwendo. Mwendo wa polepole unaondoa uzito, unalifanya lifanane na la waya, nanyi mmejinyima waya kwa makusudi. Pigeni shoti moja, mwili mzima ndani ya fremu tangu miguu yote miwili ikiwa chini mpaka itue. Simu kwenye lenzi yake ya kawaida, mita nne kutoka kwenu, urefu wa kiuno, inatosha kumbeba mtu aliyeruka na nafasi juu ya kichwa. Mpinzani awe kwenye fremu hiyohiyo, mkono wake mlangoni. Akishatua kwa lile goti bovu, msikate: acheni sekunde moja na nusu zaidi, tumwone kama mguu utamshika.